Taka za Mgonjwa Wakati wa Janga: Namna ya Kuzitenga, Kuzifunga na Kuziteketeza Nyumbani na Zahanatini

Taka za mgonjwa hutenganishwa mara moja tu, nayo ni pale mkono unapoziachia. Zikishachanganyikana ndani ya ndoo moja, sindano na maganda ya ndizi, pamba yenye damu na kopo la maziwa, hakuna mtu anayepaswa kuingiza mkono ili kuzichambua, na kuanzia hapo mzigo wote huhesabiwa kuwa wenye maambukizi. Wakati wa UVIKO-19, ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani (WHO) liliutaja kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, nguvu nyingi zilitumika mwishoni mwa safari ya taka, kwa kunyunyiza dawa na kuwasha moto, ilhali kazi kubwa ilikuwa kuweka vyombo viwili au vitatu mahali panapostahili na kumweleza kila mtu kipi kinaingia wapi. Maelekezo yanayofuata yanahusu kazi hiyo nyumbani na katika zahanati au kituo cha afya, katika mazingira ya Afrika Mashariki, ambako gari la taka halifiki kila mtaa na tanuri la kuchomea halipo katika kila kituo.

Kabla ya kupanga ndoo, ni vyema kujua ukubwa wa hatari yenyewe. WHO inakadiria kwamba takribani asilimia 85 ya taka zote zitokazo katika huduma za afya ni taka za kawaida, kama vile karatasi, maboksi na mabaki ya chakula, na kwamba asilimia 15 tu ndizo hatarishi, yaani zenye maambukizi, kemikali au mionzi. Janga huongeza aina zote mbili kwa pamoja. Ripoti ya shirika hilo ya Februari 2022 ilieleza kuwa takribani tani 87,000 za vifaa vya kujikinga zilinunuliwa kati ya Machi 2020 na Novemba 2021 kupitia mpango mmoja tu wa pamoja wa Umoja wa Mataifa, na kwamba dozi zaidi ya bilioni 8 za chanjo zilizokwisha kutolewa duniani zilileta tani 144,000 za ziada za mabomba ya sindano, sindano na masanduku ya kuzitupia. Ripoti hiyo haikuficha kwamba sehemu ya mzigo huo ilitokana na woga: mchanjaji, kwa mfano, hahitaji glovu ili kuchoma sindano ya chanjo begani, lakini glovu nyingi zilivaliwa kwa kazi hiyo na kuongeza mzigo wa taka. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kupunguza taka zenye maambukizi ni kutozitengeneza pasipo sababu.

Nyumbani, penye mgonjwa

Mgonjwa anayeuguzwa nyumbani awe na chombo chake cha taka, ndani ya chumba alalamo, karibu na kitanda kiasi cha kukifikia bila kuinuka. Ndoo yenye mfuniko inatosha. Ile inayofunguka kwa kukanyagwa ni bora zaidi, kwa kuwa anayetupa haishiki. Familia inayoishi katika chumba kimoja haiwezi kumpa mgonjwa chumba cha peke yake, lakini inaweza kumpa kona, na ndoo ikae katika kona hiyo, mbali na mahali watoto wanapochezea na mbali na vyombo vya chakula.

Ndani ya ndoo huwekwa mfuko imara usiovuja. Wapo waliodhani kwamba katazo la mifuko ya plastiki, lililoanza Tanzania tarehe 1 Juni 2019 na Kenya tarehe 28 Agosti 2017, liliondoa pia mifuko ya taka. Sivyo; katazo lililenga hasa mifuko ya kubebea bidhaa, na mifuko mizito ya kuwekea taka iliruhusiwa kwa masharti ya sheria. Asiyeweza kuinunua atumie kiroba kizima cha unga au cha mchele, kisichotoboka, ila akumbuke kwamba kiroba kilichofumwa hupitisha maji, kwa hiyo vitu vilivyolowa vifungwe kwanza ndani ya kitu kisichopitisha maji.

Katika ndoo hiyo huingia karatasi laini na vitambaa vya kutupa ambavyo mgonjwa amevitumia kufutia kamasi au kukoholea, barakoa zake na za anayemhudumia, glovu, pamba na bandeji za vidonda, vipimo vya haraka vilivyokwisha kutumika, na nepi za kutupa, zile ambazo wengi huziita pampasi. Mabaki ya chakula chake nayo yaingie humo. Yasipewe kuku wala mbwa. Vitu ambavyo havijamgusa mgonjwa, kama vile maboksi ya dawa, magazeti na maganda ya jikoni, hubaki katika ndoo ya taka za kawaida ya nyumba. Kuna nyumba ambazo kila kitu kilichotoka chumbani kwa mgonjwa kilichomwa moto, pamoja na vikombe, sahani na mashuka. Huo ni upotevu usio na faida ya kiafya, kwani sabuni na maji ya moto huvitakasa vyombo hivyo vizuri kabisa. Hata shuka lililotumika kujifukizia nyungu ni la kufuliwa na kuanikwa juani.

Sindano ni jambo jingine. Mgonjwa wa kisukari anayejichoma insulini, au yeyote anayechomwa sindano nyumbani, asitie sindano katika mfuko wowote ule, hata kama ameifunika kwa kifuniko chake. Chukua chupa ya plastiki ngumu yenye kizibo cha kuzungusha, kama ile ya sabuni ya maji au ya dawa ya kufulia, iandike SINDANO kwa kalamu ya wino usiofutika, tia humo sindano pamoja na bomba lake mara tu baada ya kutumia, na chupa ikifika robo tatu funga kizibo, kizungushie gundi ya karatasi, kisha ipeleke zahanati iliyo karibu ili iingie katika mkondo wa taka zao. Chupa ya maji ya kunywa haifai, kwa sababu sindano huipenya upande kwa upande.

Mfuko haujazwi hadi mdomoni. Ukifika robo tatu, mhudumu avae glovu na barakoa, asimame wima bila kuuinamia, ashike mdomo wa mfuko kwa mikono miwili, ausokote shingo mpaka ukaze, aikunje shingo hiyo na kuifunga kwa kamba au kwa kipande cha mpira. Asiukandamize ili hewa itoke, kwa maana hewa hiyo humpiga usoni yeye mwenyewe. Mfuko wa kwanza huingizwa ndani ya wa pili, nao hufungwa vivyo hivyo. Kisha avue glovu kwa kuzigeuza ndani nje, azitie katika mfuko mpya wa ndoo, na anawe mikono kwa sabuni na maji tiririka kwa muda wa sekunde 20 au zaidi. Kazi hii ifanywe na mtu mmoja aliyeteuliwa nyumbani, mwenye afya njema, badala ya kila mtu kwa zamu.

Sasa mfuko uende wapi? Nchini Uingereza kaya zenye mgonjwa wa UVIKO-19 zilielekezwa kuuweka mfuko kando kwa saa 72 kabla ya kuutoa nje na taka nyingine, na uchunguzi wa maabara uliochapishwa Machi 2020 ulionyesha kuwa virusi hao waliweza kupatikana wakiwa hai juu ya plastiki hadi saa 72 na juu ya boksi la karatasi hadi saa 24. Baadaye ilifahamika kwamba ugonjwa huo huenea hasa kwa hewa na kwamba njia ya kugusa vitu ni ndogo zaidi. Hata hivyo kuuweka kando mfuko uliofungwa vizuri ni hatua isiyo na gharama, na inamfaa sana mzoa taka, mradi ukae mahali penye kivuli pasipofikiwa na mbwa, panya, watoto wala mvua. Mfuko wenye nepi au vitu vilivyolowa usikalishwe siku tatu kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa. Huo utolewe mapema.

Anayeuchukua ndiye wa kufikiriwa zaidi. Katika mitaa mingi taka hukusanywa kwa mkokoteni au guta, na mzoa taka, mzigo unapofura, hupanda juu ya shehena na kuishindilia kwa miguu iliyovaa kandambili. Baada yake hufuata waokota chupa na vyuma kwenye madampo kama Pugu Kinyamwezi la Dar es Salaam au Dandora la Nairobi, wanaofungua mifuko kwa mikono mitupu kutafuta cha kuuza. Ndiyo sababu barakoa na glovu hukatwa au kuchanwa kabla ya kutiwa mfukoni, ili zisioshwe na kuuzwa tena, na ndiyo sababu mfuko wa mgonjwa hukabidhiwa mkononi kwa maneno, “huu una taka za mgonjwa, usiufungue wala usiukanyage”, badala ya kuachwa kizani kando ya barabara. Kuficha kwa kuona aibu kunamwumiza mtu ambaye hana hata bima.

Pasipo na huduma ya uzoaji, kama ilivyo vijijini, taka hizo zifukiwe. Shimo lichimbwe ndani ya eneo la nyumba, kwenda chini mita 1 hadi 2, mahali pasipotuama maji ya mvua, mbali na kisima, mto au chemchemi kwa mita 50, na kila mfuko unapotiwa ufunikwe papo hapo kwa udongo wa kina cha sentimita 10 hadi 15. Kuchoma hadharani kuwe njia ya mwisho, kwa kiasi kidogo, kwa vitu vikavu, upande ambao upepo hauelekei nyumbani, na mtu akae hapo mpaka vyote viwe majivu. Moto wa kijuujuu huunguza mfuko na kuacha yaliyomo, na hiyo ni hali mbaya kuliko ya awali.

Klorini na hesabu yake

Klorini ilitumiwa vibaya katika janga lililopita kuliko kitu kingine chochote, ukiacha barakoa. Watu walinyunyiziwa mwilini kwenye milango ya stendi na masoko, jambo ambalo WHO ililikataza waziwazi Mei 2020, kwa kuwa huchoma macho, ngozi na mapafu na halimwondolei mtu virusi aliowabeba kifuani. Klorini ni ya kutakasia vitu, na nguvu yake hutegemea kipimo.

Kipimo hupatikana kwa hesabu nyepesi. Gawanya asilimia ya klorini iliyoandikwa kwenye chupa kwa asilimia unayoitaka, kisha toa 1. Jibu ni idadi ya sehemu za maji zinazotiwa kwa kila sehemu 1 ya dawa. Dawa ya maji ya kufulia nguo nyeupe, ile ambayo watu wengi huiita jiki, mara nyingi huwa na asilimia 3.5. Ukitaka asilimia 0.5, ambayo ni ya kutakasia mahali palipomwagika damu, matapishi au kinyesi, utagawanya 3.5 kwa 0.5 upate 7, utoe 1 ubaki na 6: kikombe kimoja cha dawa kwa vikombe sita vya maji. Ukitaka asilimia 0.1, inayotosha kufutia vitasa, meza, ndoo ya taka na sakafu iliyokwisha kusafishwa, ni kikombe kimoja kwa vikombe 34. Zahanati zinazotumia klorini ya unga yenye asilimia 70 zitapata asilimia 0.5 kwa kutia takribani gramu 7 katika kila lita ya maji, yaani gramu 143 kwa ndoo ya lita 20, kwa kutumia mizani na si kwa kukadiria. Soma chupa kila unaponunua mpya, kwa maana asilimia hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji.

Maji hayo hutengenezwa kila siku, mahali penye hewa, na yanayobaki jioni humwagwa, kwani jua na joto huyapunguza nguvu. Uchafu nao huyapunguza nguvu, kwa hiyo palipomwagika damu hufunikwa kwanza kwa karatasi au kitambaa cha kutupa, humiminiwa klorini ya asilimia 0.5, husubiriwa dakika 10, ndipo hufutwa, kitambaa kikaingia katika taka zenye maambukizi, na mahali pakaoshwa kwa sabuni. Klorini isichanganywe kamwe na dawa kali ya kusafishia choo, siki, au dawa yenye amonia, maana mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu ambayo katika choo kidogo chenye dirisha moja inaweza kumwangusha mtu. Vilevile taka zinazokwenda kuchomwa zisilowekwe katika klorini: zitakuwa mbichi, zitashusha moto wa tanuri, na moshi wake utakuwa mbaya zaidi.

Ugonjwa hubadili utaratibu

Maelezo ya hapo juu yanafaa magonjwa ya njia ya hewa. Katika kipindupindu hatari imo katika kinyesi na matapishi, kwa hiyo ndoo ya mgonjwa humwagwa ndani ya choo cha shimo, kamwe si mtaroni wala shambani, kisha ndoo yenyewe huoshwa kwa klorini kila mara. Katika mpox, iliyotangazwa kuwa dharura ya afya ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024 baada ya kusambaa mashariki mwa Kongo na nchi jirani, hatari imo katika usaha na magaga ya vidonda, na virusi wake hudumu kwa muda mrefu ndani ya nguo. Shuka la mgonjwa wa mpox halikung'utwi. Hukunjwa taratibu kuelekea ndani, likabebwa ndani ya mfuko hadi kwenye maji ya kufulia.

Ebola na Marburg si magonjwa ya kuuguzwa nyumbani, na taka zake si za kushughulikiwa na familia. Mahali penye mgonjwa anayeshukiwa, kama ilivyotokea Kagera kwa Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025, kila kitu kiachwe kilipo, chumba kifungwe, na simu ipigwe: nambari 199 kwa Tanzania Bara, 719 kwa Kenya. Godoro, nguo na vyombo vitashughulikiwa na kikosi chenye mavazi kamili. Kuvibeba kwenda kuvifukia usiku, hata kwa nia njema, ni kuutafuta ugonjwa.

Zahanati na kituo cha afya

Mpangilio wa rangi unajulikana: nyeusi kwa taka za kawaida, njano kwa zenye maambukizi, nyekundu kwa zenye maambukizi makali, kama vile viungo, kondo la nyuma na vijidudu vilivyooteshwa maabara, pamoja na sanduku gumu la vyenye ncha kali. Tatizo la vituo vingi si kutojua rangi. Ndoo tatu zimepangwa vizuri ukutani, zimeandikwa vizuri, lakini zipo hatua nane kutoka kitandani, na muuguzi mwenye wagonjwa 40 anatupa alipo. Ndoo ya njano na sanduku la sindano vifuate kazi. Vikae juu ya toroli la dawa, karibu na meza ya kuchukulia damu, na pembeni mwa kitanda cha kujifungulia. Pale kituo kinaposhindwa kupata mifuko ya rangi, ndoo za rangi moja zilizoandikwa kwa herufi kubwa na kupigwa alama ya rangi zinafanya kazi ileile; rangi isiyofuatwa haina maana yoyote.

Sindano haifunikwi tena baada ya kutumika, haipindwi, haivunjwi, wala haichomolewi kwenye bomba kwa mkono. Huingia sandukuni pamoja na bomba lake, na sanduku hufungwa likifika robo tatu, penye mstari uliochorwa. Sanduku lililofungwa halifunguliwi tena na halimwagwi ili litumike upya, hata kama masanduku yameadimika. Wakati wa kampeni za chanjo kishawishi hicho huwa kikubwa, na ni heri kukadiria mapema. Sanduku la kawaida la lita 5 huchukua takribani mabomba 100, kwa hiyo kituo kinachotarajia kuchanja watu 600 kwa siku kiombe masanduku 6 na 1 la akiba, pamoja na usafiri wa kuyarudisha.

Mhudumu wa usafi ndiye anayeshika yale ambayo kila mtu ameyakimbia, na mara nyingi ndiye anayekumbukwa mwisho vifaa vinapogawanywa. Apewe glovu nzito za mpira, siyo zile nyembamba za kuchunguzia mgonjwa, apewe aproni, barakoa, miwani na buti, na suruali ishushwe nje ya buti ili kinachodondoka kisiingie ndani. Achanjwe dhidi ya homa ya ini aina ya B, dozi tatu kwa ratiba ya miezi sita, kabla ya kukabidhiwa kazi. Abebe mfuko kwa kuushika shingoni, mbali na mwili, na mzigo uende kwa toroli lenye kuta linalooshwa kila siku, kwa njia isiyopita jikoni wala kwenye foleni ya wagonjwa. Chumba cha kuhifadhia kiwe na kufuli, sakafu inayooshika na wavu wa kuzuia wanyama. Katika nchi za joto WHO inashauri taka zenye maambukizi zisikae humo zaidi ya saa 24 katika msimu wa joto na saa 48 katika msimu wa baridi. Kuzisafirisha kwenda kituo kingine kunahitaji kibali cha mamlaka husika. Pikipiki iliyofungiwa kiroba nyuma haina kibali hicho.

Kuteketeza

Njia safi kuliko zote ni mvuke. Otoklevu, yaani mashine ya mvuke, hutakasa taka kwa nyuzijoto 121 za Selsiasi kwa muda wa dakika 30 au zaidi chini ya shinikizo, na baada ya hapo hubaki plastiki isiyo na maambukizi, isiyotoa moshi, ambayo hata inaweza kuyeyushwa upya. Mradi wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) uliofadhiliwa na Mfuko wa Mazingira Duniani ulizipeleka mashine hizo katika hospitali za Ghana, Madagaska, Tanzania na Zambia, ukaondoa pia vipimajoto vya zebaki. Otoklevu haifai kwa kemikali, dawa zilizokwisha muda wala viungo vya mwili, na inahitaji umeme na maji ya uhakika. Zahanati isiyo na hivyo itabaki na tanuri na shimo.

Tanuri la matofali linaloonekana zaidi katika vituo vyetu ni lile la De Montfort, lililobuniwa katika chuo kikuu cha jina hilo nchini Uingereza, lenye vyumba viwili: cha kwanza huchoma taka, cha pili huchoma moshi wake. Chumba cha pili hakifanyi kazi kikiwa baridi. Kwa sababu hiyo mchomaji huanza kwa kuni kavu au vifuu vya nazi kwa takribani nusu saa, mpaka matofali yashike moto, ndipo aanze kutia taka kidogo kidogo, akichanganya zilizolowa na zilizo kavu. Bomba la moshi humwambia hali ilivyo: moshi mweusi mzito maana yake ni kwamba ametia taka nyingi mno au tanuri limepoa, na afanye subira kabla ya kuongeza. Asitie humo chupa za dawa zilizofungwa wala makopo yenye gesi, kwani hulipuka. Asitie betri wala vifaa vyenye zebaki. Na kadiri inavyowezekana asitie mirija na mifuko ya damu ya plastiki aina ya PVC, kwa kuwa ikichomwa katika moto mdogo hutoa dayoksini, sumu ambayo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliilenga kwa jina. Majivu hukaa mpaka yapoe kabisa, kisha huingia katika shimo la majivu lililojengewa, kwa kuwa sindano humo huwa zimetakasika lakini bado ni kali.

Kituo kisicho na tanuri kitumie shimo lililozungushiwa uzio na kufungwa kwa kufuli, lenye kina cha angalau mita 2, chini yake kukiwa na si chini ya mita 1.5 kufikia maji ya ardhini wakati wa masika, na mita 50 kutoka chanzo chochote cha maji. Katika maeneo ya pwani ambako maji hupatikana kwa kuchimba kidogo tu, sharti la mita 1.5 hushinda, na shimo likishindikana taka zipelekwe kwenye kituo chenye uwezo. Kondo la nyuma liwe na shimo lake lenye mfuniko wa zege, lisilochanganywa na kitu kingine na lisilotiwa klorini, maana klorini huua vijidudu vinavyolioza. Shimo la taka likibakisha sentimita 50 kufika juu, hufukiwa kwa udongo, huwekewa alama, na mahali pake huandikwa katika ramani ya kituo, ili fundi wa msingi wa jengo jipya asije akachimba hapo miaka ijayo.

Mtu akichomwa

Sindano iliyotumika ikimchoma mtu, awe daktari, mfagizi au mtoto aliyeiokota jalalani, mahali hapo paoshwe mara moja kwa sabuni na maji tiririka. Pasikamuliwe, pasinyonywe, pasimwagiwe klorini wala spiriti. Damu au majimaji yakirukia machoni, macho yaoshwe kwa maji safi mengi kwa dakika kadhaa. Kisha aende kituo cha afya papo hapo, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanzwa ndani ya saa chache na hazifai tena baada ya saa 72. Uwezekano wa kupata VVU kwa njia hiyo, endapo aliyetumia sindano alikuwa navyo, ni takribani asilimia 0.3, wa homa ya ini aina ya B kwa asiyechanjwa unaweza kufika asilimia 30, na hapo ndipo chanjo ya mfagizi inapoonyesha thamani yake. Dawa za VVU huendelea kwa siku 28 bila kukatiza, na vipimo hurudiwa kwa ratiba atakayopewa.

Ajali iandikwe katika rejesta siku hiyohiyo: ilitokea wapi, sindano ilikuwa imeachwa kwenye chombo gani, sanduku lililo karibu lilikuwa umbali gani na limejaa kiasi gani. Mganga mfawidhi asiitumie rejesta hiyo kumtafuta wa kumkaripia, kwani atakayekaripiwa leo hatasema kesho. Aitumie kusogeza sanduku, kuongeza jingine, au kubadili saa ya kuyakusanya, na mabadiliko hayo yafanyike kabla ya zamu inayofuata kuingia.